Povu au Maji

Chumbageni, Tanga.
Alhamisi, 9 Oktoba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Khairat,

Assalaam alaykum. Naomba waraka huu ukufike mkononi mwako wewe mwenyewe, ukiwa mzima wa mwili na mwenye nafasi ya kukaa kitako uusome. Shemeji Hafidh anaendeleaje na mgongo wake? Na watoto, shule mpya imewakubali? Nasikia joto la Maskati limeanza kupungua, mnaweza kutoka nje bila kuungua nyayo.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama yuko kwake Tongoni, presha imetulia, anakula vizuri na anagombana na kuku wa jirani tangu asubuhi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Mume wangu Idarusi bado anasomesha hesabu shule ile ile. Mwanetu Shekhe amerudi chuoni Morogoro. Mimi bado napaka maharusi hina na piko, na msimu huu kazi zipo. Vuli imeanza kwa manyunyu ya asubuhi tu. Mvua yenyewe inatuzungusha.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi kama watu wa zamani na simu ninayo. Sababu ni mwanao Mselem. Ile sauti niliyokutumia mwezi wa nne, yenye habari zote za kichwa changu, aliifungulia sebuleni mbele ya wageni wako, na wewe ukanipigia huku unacheka kwamba wanawake watatu wa Kiomani wamenipa pole. Nilicheka pia, lakini nilikata simu na uchungu. Kwa hiyo safari hii nimenunua bahasha, nitaibandika gundi, na nitamkabidhi Massoud, mtoto wa shangazi yetu, ambaye anakuja huko Jumamosi kwa biashara zake. Massoud ana kasoro zake lakini hafungui vya watu.

Umeniuliza mara mbili, na mara zote mbili nimekupiga chenga: Massoud akirudi mwezi ujao, umpe dawa ipi ya nywele aniletee, ya povu au ya maji? Ukasema zote mbili zina dawa ile ile ndani, tofauti ni namna ya kupaka tu, nichague nikujibu. Ungejua, mdogo wangu. Hiyo "namna ya kupaka tu" imenitoa jasho miezi mitano.

Nikueleze tangu mwanzo, maana kuna jambo sikukwambia hata kwenye ile sauti.

Tangu Novemba mwaka jana Idarusi alikuwa hajakiona kichwa changu. Mume wangu wa miaka ishirini na mbili, Khairat, mtu ninayekula naye sahani moja. Siku moja mwezi huo nilikuwa nimeitwa Ngamiani kumpaka hina bibi harusi, na chumba chao kina vioo viwili vinavyotazamana. Nilikuwa nimevua mtandio kwa joto. Nikainua macho, nikauona utosi wangu mwenyewe kwa nyuma. Ngozi ilikuwa inang'aa, duara zima ukubwa wa kisahani cha kikombe. Nilifunga mtandio nikamaliza kazi, na kwenye mkono wa kushoto wa yule binti nilikosea ua moja, kosa ambalo sijalifanya tangu nianze kazi hii.

Kuanzia siku hiyo nikawa nalala na mtandio. Idarusi aliniuliza mara moja, nikamwambia feni inanitia baridi. Hakuuliza tena. Unamjua alivyo, maneno anayatoa kwa kipimo. Lakini baada ya hapo akaanza kukaa ukumbini na madaftari ya wanafunzi wake kila jioni, mpaka nishapitiwa na usingizi ndipo anaingia chumbani. Kabla ya hapo hakuwa hivyo. Nikajua tu kwamba moyo wake unaanza kupoa, na kwamba akiuona huo utosi utapoa kabisa. Hicho ndicho kilichokuwa kinaniuma. Nywele zenyewe ningezizoea.

Sasa mwezi wa nne uliponiletea yale makopo mawili ya povu na chupa mbili za maji, na kijikaratasi chako cha "jaribu zote, dada", nilianza na povu bila kufikiri mara mbili. Povu halimwagiki, halina kidude cha kudondoshea, linakauka upesi, na hupakwa mara moja tu kwa siku. Mtu anaweza kujifungia bafuni, akapaka, akatoka, na nyumba nzima isijue. Nililichagua kwa sababu ya siri. Kama lilinifaa au halikunifaa, hilo sikujiuliza.

Halikunifaa. Wewe unajua mkono wangu una moto, na ndiyo maana hina yangu inakoza kuliko ya wenzangu hata nikiiacha muda mfupi. Basi moto huo huo ndio ulioniponza. Nikilitoa povu koponi nikaliweka kwenye vidole, kabla sijafika utosini limeshayeyuka, limebaki tone la maji linaloteleza kwenye kiganja. Kidogo kinachofika kinakaa juu ya nywele. Na nywele zangu, kama unavyozikumbuka, pembeni bado nyingi, kwa hiyo ngozi haipati kitu. Baadaye niliambiwa nichovye vidole kwenye maji ya baridi kwanza, nivifute, halafu nitwae povu dogo dogo. Ilisaidia kidogo. Lakini kupapasa utosi usiouona, kwa vidole vilivyokufa ganzi, ni kazi ya kubahatisha.

Na hilo si kosa kubwa nililofanya. Kosa kubwa utalicheka. Nilichagua kupaka dawa nikishamaliza kupika cha mchana, maana saa hiyo Idarusi yuko shuleni. Napaka, nakaa kidogo, adhuhuri inaadhiniwa, nakwenda kutia udhu. Na udhu wangu ni ule tuliofundishwa na Mama: mikono miwili imejaa maji, unafuta kichwa chote kuanzia paji la uso mpaka kisogoni. Mwezi mzima, Khairat! Mwezi mzima napaka dawa kwa mkono huu na kuiosha kwa mkono huu huu, halafu nalalamika kwamba dawa za siku hizi ni za uongo.

Aliyenishtua ni mwenye duka la dawa, nilipomuuliza kama kopo limeharibika njiani. Akaniuliza dawa inakaa kichwani muda gani kabla ya kupata maji. Inatakiwa ikae muda wa saa nne. Nikahesabu swala zangu, nikalirudisha kopo mkobani.

Nikaenda kwa Maalim Sadalla, kwa sababu lilikuwepo na jambo jingine linanisumbua, kwamba dawa hizi zina spiriti ndani. Sikumwambia ni ya nini. Nilimwambia ni dawa ya kichwa, na hilo si uongo. Akanijibu kwa upole kwamba dawa ya kupaka yeye haoni ubaya wake, na kama moyo una shaka basi nipake baada ya swala, nisipake kabla. Na kuhusu udhu akanikumbusha jambo ambalo nililisoma chuoni utotoni nikalisahau: sisi madhehebu yetu, kufuta sehemu ya kichwa kunatosha. Nifute hapa mbele, utosi niuache mkavu. Nilitoka pale nikijiona mjinga na nimepona nusu.

Basi nikahamishia dawa baada ya alfajiri, Idarusi akiwa bado msikitini. Mwezi wa sita wote nikafanya hivyo. Na mwezi wa saba, nywele zikaanza kupukutika kuliko kabla sijapaka kitu! Nikichana, kitana kinajaa. Sasa najua kwamba ni kawaida, nywele za zamani hutoka kwanza kupisha mpya, na mtu huambiwa avumilie. Lakini wakati ule ile karatasi ya maelezo, ya Kiingereza na Kiarabu, sikuwa nimeisoma ikaniingia. Anayejua Kiingereza cha sawasawa nyumbani ni Idarusi, na yeye ndiye mtu wa mwisho niliyetaka aione. Nikasema povu ndilo linaloniua. Nikaliacha, nikashika ya maji.

Ya maji ina mambo yake. Ni mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Ina kile kidude cha mpira cha kuvutia na kudondoshea, na hapo ndipo uzuri wake ulipo, kwa sababu unapasua njia ya nywele, unaingiza ncha, na tone linatua juu ya ngozi yenyewe, si juu ya nywele. Lakini inachelewa kukauka, na ukiwa na haraka ya kufunga mtandio kama mimi, inakuteremkia. Nilikuwa nadondosha bila kuona, nafunga mtandio hapo hapo, nakwenda jikoni kwenye moto. Baada ya wiki tano nikaota malaika mashavuni, yale manyoya laini laini, karibu na masikio.

Nani ayaone kama si wifi yangu Tabia? Alikuja siku moja kuchukua kawa la kufunikia chakula alilonikopesha, akanishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga.

"Wifi, weye sasa waota sharubu?"

Nikamwambia ni unga. Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Lakini kaka yangu siku hizi kanyamaza mno. Kuna nini humu ndani?"

Tabia ni mtu wa utani na hakuwa na nia mbaya, lakini neno lile lilinikaa. Kama dada yake ameona, basi si mawazo yangu tu. Na Jumamosi ya wiki ile kulikuwa na shughuli ya kina Tabia wenyewe, siku ya hina, wanawake watupu, vichwa wazi, na mpakaji wa hina ni mimi. Nisingeweza kukaa na kilemba mbele ya mawifi watano wanaoniangalia.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo labda ni mpakaji wa piko tu duniani angelifanya. Nilijikorogea piko, nikachukua kijiti changu chembamba na kioo cha mkononi, nikajipaka ngozi ya utosi. Nilijaza kile kisahani chote cheusi, ili weupe usionekane kati ya nywele. Na ninakwambia kweli, ilitoka kazi nzuri. Jumamosi nilivua mtandio mbele yao, nikapaka hina mikono ya wanawake kumi na moja, na hakuna aliyejua. Nimewakataza wasichana wangapi wasijipake piko karibu na uso, wala ngozi yenye mchubuko! Mganga hajigangi, ndiyo mimi.

Jumapili nikadondosha dawa juu yake, kama kawaida. Jumatatu kichwa kinawasha. Jumanne kinawaka. Jumatano mtandio umegandana na kichwa, nikauloweka kwa maji ya uvuguvugu ndipo ukatoka, na ulikuwa na usaha.

Nilikwenda hospitali peke yangu, nikaaga kwamba nakwenda Maramba kumpaka hina mtu. Daktari wa ngozi niliyempata anaitwa Ruthi, mama wa makamo kutoka Lushoto, mtu asiyepoteza maneno. Akavaa glavu, akanitazama kichwa kwa muda mrefu, akaniuliza ni nini hiki cheusi. Nikamwambia. Akaketi chini.

"Mama, umejichora kichwa?"

"Ndiyo, daktari."

Hakucheka, na hilo nitamshukuru daima. Alinisimamisha kila kitu: piko, hina, povu, maji, mafuta ya nazi, vyote. Akanipa dawa ya vidonda, akanipima damu na presha, akaniuliza kama nina mimba, kwa sababu mwenye mimba na anayenyonyesha hawapewi dawa hii. Nikamwambia nina miaka arobaini na mitatu na mwanangu yuko chuo kikuu. Akasema hilo si jibu. Akapima. Damu ilikuwa kidogo, nikaandikiwa vidonge vya chuma.

Baada ya wiki tatu vidonda vilikauka, nikarudi. Sasa lilikuja swali lako, Khairat, maana na yeye aliniuliza nataka kuendelea na ipi. Akanieleza kwamba kuna watu ngozi zao haziipendi ya maji kwa sababu ya kitu kilichochanganywa ndani yake, huwawasha na kuwatoa magamba kama mba, na hao huambiwa watumie povu. Kwa hiyo ilibidi ijulikane kilichonichoma ni piko au ni maji. Akanidondoshea ya maji kidogo nyuma ya sikio, akaniambia nirudie kwa siku tano. Sikuwashwa hata kidogo. Basi mkosaji ni piko, na mkono wangu mwenyewe ulioliweka.

Niliporudi akasema kwa kichwa changu mimi, nywele ndefu, upara uko utosini, na mikono inayoyeyusha povu, ya maji ndiyo itakayofika panapotakiwa. Nisirukeruke, leo hii kesho ile. Nishike moja miezi minne mpaka sita ndipo niseme inafanya au haifanyi. Na nikianza kupata nafuu nikaacha, nywele zitarudi kutoka. Nikakubali yote. Halafu akaniuliza swali dogo.

"Nani atakudondoshea?"

Nikamwambia nitajidondoshea. Akasema hapana, ndivyo ulivyoota malaika mashavuni. Hapa pako hupaoni. Panataka mtu apasue njia, aweke tone mahali pake, aangalie na ngozi kama inaanza tena vidonda. "Nyumbani uko na nani?"

Nilitoka pale na chupa mkononi, nikiwapitisha watu kichwani. Mama yuko mbali na macho yake si mazuri. Jenifa, jirani yangu msusi, angefanya kwa moyo mmoja, lakini asubuhi yuko sokoni na jioni yuko kwaya. Tabia, hapana. Nikafikiri nirudi kwenye povu, niseme nimechagua povu, basi, na siri yangu ibaki. Nilikaribia sana kufanya hivyo. Kopo la pili lilikuwa na kidogo kilichobaki. Nililitoa, nikalitikisa, nikalirudisha mara mbili. Mficha uchi hazai, hilo nalijua tangu utoto, lakini kulijua na kulifanya ni mambo mawili.

Ijumaa ile, tarehe kumi na tisa Septemba, Idarusi aliporudi msikitini alfajiri, alikuta chupa iko mezani pembeni ya chai yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko.

"Baba Shekhe, nina kazi nataka unisaidie."

Akaichukua chupa, akaitazama. Akafungua ile karatasi ya maelezo, akaisoma yote, mbele na nyuma, kama anavyosoma mtihani kabla ya kuugawa. Mimi nimesimama tu. Mwisho akasema, "Mililita moja, sivyo?"

"Moja."

"Kaa hapa, penye mwanga."

Nikakaa kwenye kiti kando ya dirisha nikavua mtandio. Nilifumba macho. Nikasikia mkia wa kitana unapasua njia, taratibu, na tone la baridi likatua. Halafu jingine. Akawa anafanya kama anayechora mstari, na mimi nikashindwa kuvumilia.

"Sema basi."

"Niseme nini?"

"Hukushtuka?"

"Nishtuke nini, mama Shekhe? Kwani tundu la bafuni hulizibua nani?"

Sikumwelewa. Akaniambia huku anaendelea na kazi yake. Tangu mwaka jana maji yalikuwa yanatuama bafuni, na kila Ijumaa kabla ya kuoga kwa ajili ya sala, alikuwa anafunua kile kifuniko na kuzitoa nywele zangu.

"Mwanzo n'lidhani za kufumulia misuko. Halafu n'kaona zazidi, na weye walala na mtandio. N'kajua."

"Ukazitupa wapi?"

Nilimuuliza hivyo kwa sababu unajua tulivyolelewa, kwamba nywele ya mtu haitupwi jalalani ikakanyagwa au ndege wakaichukua kujengea viota. Ilikuwa fikra ya kwanza iliyonijia, sijui kwa nini.

"Sizitupi. Nazikunja kwenye karatasi, nazifukia pale chini ya mkomamanga. Zako zote zipo pale."

Khairat, mdogo wangu, miezi kumi. Kila Ijumaa mtu huyu amepiga magoti bafuni, amezikusanya nywele zangu kwa vidole vyake, ameziosha, amezikunja, ametoka uani na jembe dogo, amechimba, amefukia, halafu ameoga amekwenda kusali. Na mimi nikiwa jikoni namkasirikia kwamba hanitazami.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba niliona haya asijue, na yeye hakutaka kunivua haya yangu kwa nguvu. Nikamuuliza na kule kukaa ukumbini je? Akasema alikuwa ananipa nafasi nivue mtandio kichwa kipate hewa mpaka nisinzie, maana joto lile la Januari lingeniua kwa kulala nimefungwa. Mimi nilikuwa siuvui, nilikuwa nalala nao nikimsubiri. Tulikuwa tunateseka wawili kwa heshima.

Nililia sana. Aliniacha nilie, ila aliniinua kidevu na kunipa kitambaa, akisema nisiinamishe kichwa, dawa bado haijakauka, itanishukia usoni niote sharubu kweli. Kumbe na hayo Tabia alishamwambia.

Leo ni wiki ya tatu. Asubuhi akitoka msikitini, jioni baada ya isha, ananidondoshea, nakaa robo saa na zaidi mpaka pakauke ndipo nafunga mtandio. Sitakudanganya kwamba nywele zimeota, hazijaota. Daktari amesema mwaka mpya ndipo tutazame. Pengine zitaota, pengine hazitaota sana. Ngozi ni safi, hakuna kidonda, na malaika ya mashavuni yanaanza kupungua.

Basi jibu lako ni hili: mpe Massoud ya maji. Chupa tatu, zenye kile kidude cha kudondoshea, maana nyingine huuzwa na kichwa cha kupuliza na hicho Idarusi hakitaki. Angalia tarehe za kuharibika. Povu usitume tena. Hata Massoud analalamika kwamba makopo ya gesi yalimletea maswali uwanja wa ndege. Na kama kuna rafiki yako huko naye anapungukiwa nywele, usimpe barua yangu kama dawa. Mwambie aende kwa daktari wake akaangaliwe kichwa chake mwenyewe, huenda yeye povu likamfaa. Na asipake piko.

Kopo langu la povu lililobaki nimempa mwenye duka la dawa aliteketeze. Mtandio navaa nikitoka na wageni wakija, kama zamani. Chumbani sivai.

Nisalimie shemeji Hafidh, mwambie alale kwenye godoro gumu. Wabusu watoto wote, na Mselem mbusu mara mbili lakini mfiche barua. Mama anakusalimu kwa dua nyingi na anauliza lini utakuja. Tabia naye anakusalimu, anasema umemsahau. Idarusi ananichungulia hapa begani na anakusalimu sana; anaomba ndani ya mzigo utie na miwani ya kusomea, namba mbili na nusu, kwa sababu njia ya nywele zangu anaiona vizuri ila alama za mililita ndizo zinazomsumbua.

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe afya na riziki ya halali, na siku zote akujaalie mtu wa kukutazama pale usipoweza kujitazama mwenyewe.

Mimi dada yako, akupendaye daima,

Tuhfa.